Waliponiuliza Kama Ni Yeye

Mume wangu alipigwa chuma kichwani asubuhi moja akitoka kwenda kazini, karibu na lango la ploti tunamoishi hapa Kimbo. Mimi nilikuwa nimesimama langoni, mkono kwenye komeo.

Alikuwa na zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha unga huko Thika. Siku za zamu hiyo nilimsindikiza hadi langoni, nikafunga, kisha nikarudi ndani kuwaamsha wasichana wetu wawili. Lilikuwa giza lile la mwisho, ambalo unaona umbo la mtu kabla hujaona sura yake. Taa ya ploti jirani ilikuwa mbovu, ikiwaka na kuzima yenyewe, na hakuna aliyejali kuitengeneza. Wanaume wawili walitokea upande wa mtaro. Mmoja akampiga kwa nyuma, mwingine akanyakua begi lake. Nilipiga nduru. Yule mwenye chuma akageuka kunitazama, taa ikawaka, ikazima. Alikuwa kijana, amevaa jaketi ya kijani yenye kofia, na kofia ilikuwa imemwangukia mabegani. Kisha wakapotea.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nimeyasimulia kwa polisi, kwa jamaa, kanisani na kortini, na kila nilipofika mwisho watu walinitazama kama kwamba nimewaficha kipande.

Jirani mwenye gari alitukimbiza hospitalini Thika. Daktari alisema fuvu limepata ufa lakini ataishi. Kuhusu sikio la kushoto, lililokuwa likitoa damu, hakutaka kuahidi lolote. Mume wangu alikuwa akiimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Alipozinduka, jambo la kwanza aliloniambia ni, "Mbona unanong'ona?" Nami sikuwa ninanong'ona.

Jua lilipopanda nilirudi Kimbo kumchukulia nguo na kadi ya bima. Niliposhuka steji niliona umati mahali vijana wanapooshea magari. Nilifikiri ni ajali. Sauti ya mwanamume ikasema, "Mama mwenyewe ndio huyo! Mpisheni!" Watu wakanifungulia njia, na kabla sijaelewa ninapelekwa wapi nikajikuta mbele.

Kijana alikuwa ameketi kwenye matope ya sabuni, mikono juu ya kichwa. Jaketi ya kijani. Pua ilikuwa ikichuruzika damu, na mguu mmoja hauna kiatu. Nyuma yake mtu alikuwa amesimamisha tairi kuukuu, ameliegemeza kwenye paja lake, anasubiri.

"Mathe, ni huyu?" mmoja wa wale vijana akaniuliza. "Sema tu, ni huyu?"

Nilikuwa na hasira. Damu ya mume wangu ilikuwa imekauka kwenye mkono wa sweta yangu. Kama wangeniuliza kama ninataka mtu fulani aumie, ningesema ndiyo, tena kwa sauti. Lakini hawakuniuliza hivyo. Waliniuliza kama ni yeye.

Nikamtazama. Naye akanitazama, asiseme neno. Nadhani alikuwa ameshasema yote kabla sijafika.

"Sijui," nikasema.

"Hujui aje? Si wewe ulimwona?"

"Nilimwona mtu. Sijui kama ni huyu."

"Angalia jaketi!"

"Naiona jaketi. Mpelekeni polisi."

Kukawa na mnung'uniko mbaya. Mwanamke mmoja ambaye huwa namshonea watoto wake sare za shule, kwa maana hiyo ndiyo kazi yangu, nina kibanda cha ushonaji si mbali na hapo, akanishika begani. "Mama, usiogope. Sisi tuko hapa na wewe. Sema tu." Alidhani ninamwogopa kijana. Kusema kweli niliwaogopa wao. Nilihisi nikichelewa kidogo tu, jibu langu halitahitajika tena.

Mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi, mzee Mkikuyu mwenye kifua cha pumu, alijipenyeza akiwa ameweka simu sikioni. "Gari ya polisi iko hapo kona!" akapiga kelele. "Kila mtu ataandikwa jina!" Haikuwa kweli. Baadaye aliniambia simu yake haikuwa hata na chaji. Lakini mwenye tairi alirudi nyuma kidogo, na huko kurudi nyuma kulitosha. Mwenyekiti akamshika kijana mkono na kuketi naye palepale kwenye matope, akikohoa, hadi polisi wakafika kweli.

Wakati wote huo watu walikuwa wakipiga picha.

Ilipofika jioni picha ya kijana ilikuwa imeenea kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu, la kanisa, na la wazazi wa shuleni. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu anayekaa Witeithie, alinitumia pia na maneno mawili chini yake: "Ndiye huyu." Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiitazama. Naikuza, naipunguza, naiacha, naichukua tena. Nilidhani nikiangalia vya kutosha nitajua.

Ikawa kinyume. Kila nikifumba macho, taa ya ploti jirani iliwaka na mtu akanigeukia, na uso aliokuja nao ulikuwa ule wa kwenye picha, na damu puani. Hapo nikajua kuna kasoro. Asubuhi ile aliyenigeukia hakuwa akitoka damu. Uso niliouona nilikuwa nimeupoteza, na mahali pake nimeweka wa simu.

Nilipoitwa kituoni kuandikisha taarifa, askari kijana aliandika haraka kisha akanisomea. Alifika mahali panaposema, "nilimtambua mshukiwa vizuri." Nikamwambia sikusema hivyo.

"Ni vile tu tunaandika, mama."

"Basi usiandike vile. Andika nilivyosema."

Alinitazama kama mtu aliyekosa chakula cha mchana kwa ajili yangu, akakata mstari, akaandika upya. Niliweka sahihi. Mimi si mtu wa kubishana na askari. Tulikotoka, upande wa Vihiga, baba yangu alikuwa akiwaona wakija anavua kofia.

Baadaye nikaitwa tena, kwa gwaride la utambuzi, ambapo shahidi humshika bega yule anayemtambua. Aliyelisimamia alikuwa inspekta mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alinikalisha chumba cha pembeni, akafunga mlango.

"Mama, kule ndani nimepanga wanaume wanaofanana. Sitakuelekeza, na hakuna mtu atakuelekeza. Lakini kabla hujaingia nataka uniambie kitu. Tangu hiyo asubuhi umemwona huyu mshukiwa mahali popote?"

"Nilimwona steji, wakitaka kumchoma."

"Na picha?"

"Nimeletewa na watu wengi."

Akavua miwani, akasugua macho. "Basi hakuna gwaride. Ukimshika bega, utakuwa umeshika picha." Kisha akaniambia kwa upole kidogo, "Kosa si lako. Lakini ujue mashtaka yake ni wizi wa mabavu. Sheria yetu imeandika kifo kwa kosa hilo. Siku hizi hatunyongi mtu, lakini anaweza kuzeekea ndani. Kwa hivyo hatuwezi kucheza na hii kitu."

Nilitoka nje. Neno kifo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria labda miaka kadhaa, labda viboko, mambo ambayo mtu huyasikia redioni akiwa anapika.

Shemeji alikuwa akinisubiri getini mwa kituo. Nilipomwambia gwaride limevunjwa, na kwa nini, alipandwa na moto.

"Ulikuwa na haja gani ya kusema umeona picha?"

"Aliniuliza."

"Kila kitu ukiulizwa lazima ujibu? Ndugu yangu analala na kichwa kimeshonwa kama gunia, wewe unalinda haki za mwizi!"

"Silindi mtu. Sijui kama ni yeye."

"Wewe peke yako ndio hujui. Kimbo nzima inajua."

Hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi, kwamba pengine wote walikuwa sahihi. Kuna siku nilishona upande mmoja wa sketi ukawa mrefu kuliko mwingine kwa sababu macho yangu yalikuwa yakimfuata kila kijana aliyepita nje ya kibanda. Nilikuwa naogopa kwamba nimemwachilia aliyetaka kutuua. Nilikuwa naogopa pia kwamba siku moja nitachoka na kusema ndiyo. Wateja walipungua. Niliambiwa kuna wanaosema nimepewa kitu kidogo na watu wa yule kijana. Kanisani dada mmoja aliomba kwa sauti kwamba Mungu awape ujasiri mashahidi waoga, na sote tukaitikia amina, mimi nikiwemo.

Ndipo mama yake akaja.

Nilikuwa napima msichana kiuno. Aliingia mwanamke mwenye kitambaa kichwani na kiondo begani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasubiri hadi msichana akaenda.

"Mimi ni mama ya yule kijana wa jaketi," akasema. "Nimetoka Landless. Nauza mboga huko."

Nikashika futi ya kupimia kwa mikono miwili.

"Sikuja kukwambia uongo, mama. Hata sitaki useme kitu hujui. Nilitaka tu unione. Ujue huyo mtoto iko na wazazi."

"Hufai kuja hapa," nikamwambia.

"Mimi najua. Lakini nikikaa nyumbani nitapasuka." Akatazama mashine yangu, vitambaa, kalenda ukutani, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka macho. "Bwana yako anaendelea aje?"

"Sikio moja limekufa."

"Ngai," akamwita Mungu wake taratibu, na machozi yakamtoka, nikaona yanatoka kwa ajili ya mume wangu kweli. Akatoa fungu la sukuma wiki kwenye kiondo, akaliweka mezani. Nikamwomba alichukue. Akalichukua, akaondoka.

Nililala na jambo hilo siku mbili tatu. Nilijua watu wa mshtakiwa hawaruhusiwi kumwendea shahidi. Je, nikinyamaza, si itaonekana kweli nimenunuliwa? Na kama kuna mtu alimwona akiingia? Mwishowe nikampigia inspekta. Alinisikiliza, akasema, "Umefanya vizuri kunieleza. Nitamwonya asikukaribie tena."

Nilidhani yatakuwa yameisha. Lakini kijana alipoomba dhamana, upande wa mashtaka ulisema mama yake tayari ameanza kuwaendea mashahidi, na hakimu akakataa. Kijana akarudishwa rumande. Habari hizo aliniletea shemeji, akiwa na furaha. "Angalau kuna kitu kimoja umesaidia," akasema.

Mume wangu alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani kufikia hapo. Alikuwa anakaa kitandani akiegemea mto, sikio zima likiwa limeelekezwa mlangoni. Kwaya walikuja kumwimbia. Alijaribu kujiunga nao, akanyamaza katikati ya ubeti, kwa sababu hakujua tena kama yuko juu au chini ya sauti. Walipoondoka alinigeukia.

"Mimi nilimwona," akasema.

"Ulimwona wapi, baba? Ulipigwa kwa nyuma."

"Nikiwa naanguka nilimwona. Ni yeye."

"Hukuniambia hivyo hospitalini."

"Hospitalini nilikuwa nimeumia. Sasa nakumbuka."

Ni kichwa chake kilichopasuka, si changu. Lakini kuanzia siku hiyo tukawa watu wawili wenye ushahidi tofauti kwenye kitanda kimoja, na wasichana wetu wakajifunza kutuuliza mambo mmoja mmoja.

Kesi ilikuwa Thika. Tulienda mara ya kwanza ikaahirishwa kwa sababu daktari hakuwepo. Ya pili shahidi mwingine alikuwa safarini. Kila mara nilifunga kibanda, nikavaa gauni langu la kanisani, kisha tukaambiwa turudi siku nyingine. Kila mara nilimwona kijana akiletwa kutoka seli za korti, mwembamba kuliko mara iliyotangulia, na mama yake nyuma kabisa, haniangalii.

Siku tuliyoanza, hakimu, mwanamke wa sauti ya chini iliyolazimisha kila mtu kutulia, alimuuliza kijana kama ana wakili. Akasema hana. Hakimu akamweleza kwa Kiswahili, taratibu, kwamba shtaka lake ni zito, kwamba ana haki ya kuwa na wakili, na kwamba anaweza kuomba serikali imtafutie.

"Niliomba, mheshimiwa. Nikaambiwa ningoje."

"Tunaweza kungoja tena."

Kijana akafikiri. "Mimi nimechoka kungoja nikiwa ndani. Wacha tuendelee."

Hakimu alimwambia basi ana haki ya kumuuliza maswali kila shahidi, na akitaka kunyamaza wakati wa kujitetea, kunyamaza kwake hakutachukuliwa kuwa ni kukubali kosa. Alirudia hilo mara mbili. Nilimwona kijana akilitamka polepole kwa midomo, kama mtoto anayefundishwa sala.

Kisha mashahidi tukaambiwa tutoke nje, abaki mume wangu peke yake.

Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Mlango ulikuwa umefungwa. Sauti ya mume wangu ilisikika kama mtu anayezungumza ndani ya tangi, maneno hayashikiki. Nilijua anaapa. Nilijua atasema alimwona. Nami nitaingia niape kwa kitabu kilekile. Mwenyekiti alinipa peremende ya pumu yake, ile ya mnanaa, akasema, "Nyonya, utatulia." Haikunisaidia.

Niliitwa. Mume wangu alikuwa ameketi benchi la mbele sasa, maana shahidi akimaliza anaruhusiwa kubaki. Alikaa akinielekezea lile sikio zima.

Mwendesha mashtaka alinipitisha katika asubuhi ile, lango, giza, taa, chuma, jaketi. Niliona yuaja polepole kuelekea mahali anapopataka.

"Na huyo aliyekugeukia, yumo humu kortini leo?"

Nikaitazama jaketi ya kijani iliyowekwa mezani kama kielelezo.

"Jaketi ilikuwa ya kijani, kama ile iliyoletwa hapa," nikasema. "Uso siwezi kuuapia."

"Lakini ulimwona."

"Nilimwona kidogo sana. Halafu nikaonyeshwa picha nyingi. Uso nilio nao kichwani sasa ni wa picha."

Mwendesha mashtaka akapekua karatasi zake. Nyuma yangu shemeji alikohoa kwa makusudi. Nadhani hakimu aliona nilivyoshtuka, kwa sababu akasema, "Shahidi, hujaja hapa kumfurahisha mtu. Unachokijua, sema. Usichokijua, sema hukijui. Umesikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

Kisha akamgeukia kijana. "Una maswali kwa shahidi huyu?"

Kijana akasimama, akashika ukuta wa kizimba. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikinielekea mimi. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekaa muda bila kuitumia.

"Mama, ile siku kwa steji, ungesema ni mimi, ningekuwa wapi saa hii?"

"Hilo si swali la ushahidi," hakimu akasema. "Uliza kuhusu alichokiona."

Akainamisha kichwa, akafikiri. "Siku hiyo ulisema hujui. Hata leo hujui?"

Nikamtazama vizuri kuliko nilivyowahi kumtazama. Nilitafuta kitu kwenye macho yake, pua, namna anavyosimama. Nilitaka sana kukipata, upande wowote.

"Hata leo sijui," nikasema.

"Sina swali lingine."

Njia ya kurudi mume wangu aliketi kiti cha mbele cha matatu, mimi nyuma. Shemeji alitupita bila kuaga.

Tulingoja uamuzi kwa muda, kisha tukaitwa. Hakimu alisoma kwa ile sauti yake ya chini. Alisema jaketi kama ile huvaliwa na vijana wengi, na kwamba hakuna kitu chochote cha mume wangu kilichopatikana kwa mshtakiwa. Alisema mlalamishi alipigwa kwa nyuma gizani na hakutaja kumwona mtu hadi baadaye sana, na kwamba shahidi pekee aliyetazamana na mshambulizi amesema hawezi kumtambua. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Aachiliwe kama hazuiliwi kwa jambo jingine.

Mama yake alipiga kelele moja fupi. Kijana aliketi, akasimama, akaketi tena, hadi askari akamwambia, "Nenda, kijana. Umeachiliwa." Hakuonekana kujua mlango uko upande gani.

Nje, mama alinijia moja kwa moja. Nilifikiri anataka kunishukuru, na nilikuwa nimeanza kujiandaa kukataa shukrani.

"Nilikuja kwako kama mzazi," akasema. "Ukaenda ukaniripoti. Mtoto yangu amekaa ndani hiyo miezi yote sababu ya hiyo sukuma."

"Ilibidi niseme."

"Wewe kila kitu inabidi." Akafunga kitambaa chake upya na kuondoka na mwanawe, wakishikana mikono kama watu wanaovuka mto.

Tuliporudi kwenye maisha yetu, hofu haikuondoka, ilibadilika tu. Zamani tulikuwa na mtu wa kuogopa, sasa hatukuwa na yeyote. Kiwanda kilimpa mume wangu zamu ya mchana. Shemeji aliacha kuja. Mume wangu alikula, akafanya kazi, akanijibu nilipomuuliza. Kwaya aliiacha kabisa.

Jumapili moja baada ya ibada, wasichana wakiwa nje na wenzao, alizima redio.

"Mimi sikumwona," akasema.

Nilikuwa nachambua mchele. Niliacha mkono ndani ya sinia.

"Sikumwona mtu yeyote. Niliona ardhi tu. Lakini nilitaka awe mtu mmoja, niweze kumjua. Usipojua ni nani, inakuwa ni kila mtu. Kiwandani, kanisani, hapo kwa maji. Nikajiambia ni yeye hadi nikamwona kabisa."

"Najua," nikasema.

"Niliapa, mama watoto."

Hilo ndilo lililokuwa likimla. Aliniuliza kama aende ajitoe kwa polisi, na kama wanaweza kumfunga. Sikujua. Usiku na mchana wa siku kadhaa nilimwona akizunguka nalo. Mwishowe tukaenda wote wawili kumwona inspekta mwenye miwani ya kamba. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema amelisikia, atamweleza mwendesha mashtaka, na wakimhitaji watamwita. "Ila uliyemuumiza hayuko hapa ofisini," akaongeza. "Unajua aliko."

Hawajamwita. Kila simu ya nambari tusiyoijua bado inatusimamisha.

Tulienda Landless mchana wa mawingu mazito. Tuliulizia mama wa mboga, tukaonyeshwa nyumba ya mabati nyuma ya kanisa dogo. Mama alitufungulia, akatuona, akarudi ndani akatuacha mlango wazi. Akatoka kijana. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniambia baadaye kidogo kwamba pale Kimbo alipokuwa akiosha magari hawakumtaka tena, anabeba matofali Thika siku anapopata.

Mume wangu alimwambia yote, amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Hakujitetea. Alisema, "Nilikuapia uongo. Ungeweza kufia ndani."

Kijana alisikiliza akikwangua rangi ya mlango kwa kucha.

"Sawa," akasema. "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama? Bado hujui?"

Ningeweza kumpa uongo mdogo hapo, na ungempendeza kila mtu.

"Bado," nikasema.

"Kwa hivyo hata sasa unaniogopa."

"Kidogo. Ndiyo."

Mume wangu akashtuka, akanishika kiwiko. Lakini kijana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei asiyoipenda lakini ni ya haki. Akatazama juu, kwenye mawingu.

"Mvua hiyo inakuja," akasema. "Pitieni upande ule wa kanisa, hii njia ingine huwa inajaa maji."